Aliacha cherehani, akaingia chini ya pikapu

Pikapu nyeupe inakata kona na kuingia gerejini pua ikiwa chini, kama ng'ombe anayejiandaa kupiga pembe. Upande wa dereva umelala zaidi. Bampa linanusurika kukwaruza kokoto za langoni. Dereva anapokanyaga breki, pua inazama tena, kisha inainuka kivivu, kama mtu aliyeamshwa kabla hajatosheka na usingizi.

Mwanamke aliyevaa ovaroli ya kijani, kilemba kimekazwa kichwani, anaizunguka kimya kimya. Hafungui boneti wala hagongi kitu. Anachomoa mfukoni futi ya kitambaa, ile wanayovaa shingoni mafundi cherehani, anachuchumaa kando ya gurudumu la mbele na kupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Anahamia upande wa pili. Anapima tena.

"Kulia kumeshuka kuliko kushoto, vidole vitatu hivi," anasema kwa sauti, bila kumtazama mtu.

"Na kushoto kwenyewe?" inauliza sauti ya kiume kutoka kivulini.

"Nako kumechoka. Kunajikaza tu."

Mwenye sauti ni mumewe. Ameketi kwenye kiti cha magurudumu chini ya paa la mabati, karibu na meza ya spana. Mtaa mzima unamwita Fundi. Mkewe wanamwita Mama Springi, jina ambalo limemchekesha tangu siku alipobandikwa.

"Pikapu ninazotengeneza mimi mbele hazina hata springi moja," anasema. "Lakini wewe nenda ukaubishie mtaa!"

Ni kweli hazina. Katika pikapu za aina hiyo, kila gurudumu la mbele linabebwa na fimbo ndefu ya chuma iliyolazwa chini ya gari, ncha moja imeshikwa kwenye chesisi, nyingine kwenye mkono wa gurudumu. Gurudumu likipanda jiwe, fimbo inanyongwa kama nguo inayokamuliwa, halafu inajirudisha. Mafundi wanaiita tosheni. Miaka ikipita na mizigo ikizidi, tosheni huchoka, na gari huinamisha kichwa.

Dereva ameshashuka. Ni mwanamume mnene mwenye plasta kwenye vidole viwili, fundi wa madirisha ya vioo, na ndiyo maana kila mtu humwita Vioo. Alifahamiana na Fundi tangu wote wawili hawajaoa.

"Shemeji, niokoe," anasema, mikono kiunoni. "Hili gari limenigeuka. Nikiona shimo, moyo unaingia kabla ya tairi. Juzi nimefika kwa mteja na kioo cha mlango kimekuwa chenga. Mteja akaniuliza, 'Umeniletea mlango au sukari?'"

Kicheko kinapita gerejini, lakini Vioo hacheki. Anaeleza kuwa siku hiyohiyo, akiteremka mlima, mtoto alimkatizia barabara akikimbilia mpira. Alipofunga breki, pua ilizama, usukani ukavuta kulia, na gari likasimama kwenye mtaro wa upande wa pili. Mtoto hakuguswa.

"Sikuweza kuendesha. Nilikaa mtaroni pale mpaka mama yake akanitolea maji," anasema polepole. "Yeye ndiye wa kupewa maji, halafu ananipa mimi."

Ameshalipeleka gari kwenye gereji mbili. Kote walikaza bolti za nyuma ya tosheni, zile za kurekebisha kimo, gari likapanda, na baada ya muda mfupi likarudi palepale.

Mama Springi anamsikiliza mpaka mwisho. Kisha anakwenda ukutani kuchukua stendi.

*

Stendi hizo, miguu minne ya chuma ya kuegemezea gari, zilikuwa ukutani hapohapo siku maisha ya nyumba hii yalipopinduka.

Mvua ilikuwa imenyesha na ardhi ilikuwa laini. Mteja alikuwa na haraka. Fundi aliinua pikapu kwa jeki, akazitazama stendi, akaona ni kazi ya dakika moja, akaingia chini. Jeki ilididimia upande mmoja, ikainama, na gari likashuka likamkuta kiunoni.

Mkewe alikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, ng'ambo ya ua, akishona sare za shule. Ushonaji ndio ulikuwa kazi yake tangu usichana.

"Nilisikia kishindo kama mfuko wa saruji umeanguka. Halafu kimya," anakumbuka. "Kile kimya ndicho kilichoninyanyua. Gereji haiwagi kimya."

Majirani waliinua pua ya gari kwa mikono. Hospitalini madaktari walifanya waliloweza, kisha wakawaita wote wawili na kuwaambia bila kuzunguka kwamba uti wa mgongo umeumia, na miguu haitarudi.

Fundi aliporudi nyumbani aliomba kitanda kigeuzwe ili asiione gereji dirishani. Wateja waliokuja kumpa pole na kumuulizia kazi aliwajibu kwa kichwa. Watoto wao watatu walijifunza kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba yao wenyewe.

"Alikuwepo na hakuwepo," anasema mkewe. "Namlisha, namgeuza, namwogesha, lakini mazungumzo hakuna. Nilianza kuongea na cherehani."

Cherehani peke yake haikuweza kulisha midomo ile yote na kununua dawa. Mwanamke yule alikaza moyo, akamtafuta mnunuzi wa vifaa vya gereji. Ila hakujua bei. Alijua wazi kuwa mnunuzi akimwona mama wa cherehani anauza spana, angemlalia. Kwa hiyo mchana mmoja alibeba karai la vifaa, akaliweka kitandani na kumwambia mumewe, "Baba watoto, usiponiambia hivi ni nini, nitaibiwa."

Alinyanyua chuma cha kwanza. Hiki? Fundi akakitaja. Kinafanya nini? Akaeleza. Hiki je? Akaeleza tena, safari hii akakichukua mkononi kumwonyesha. Kufikia katikati ya karai alikuwa ameegemea mto, anachora hewani jinsi tosheni inavyonyongwa, anamkaripia mkewe kwa kushika kitu kichwa chini.

"Nilikuwa sijamsikia akinikaripia muda mrefu sana," anasema Mama Springi. "Nilitamani karai lisiishe."

Mnunuzi alikuja kesho yake na kigari cha kubebea. Alimkuta mwanamke mlangoni, mikono kifuani.

"Samahani kaka yangu," alimwambia. "Haviuzwi tena."

*

Kujifunza hakukuwa lelemama. Fundi alielekeza kutoka kwenye kiti, mkewe akafanya. Mwanzo alikuwa akibadilisha matairi na pedi za breki, mambo ya pembeni pembeni. Siku ilipokuja kazi ya kuingia chini, alilaza boksi ardhini, akalala chali, akasogea mpaka mabega yalipofika usawa wa mlango. Hapo akaganda.

"Nilisikia viatu vyangu vinagonga kokoto. Nikamwambia, 'Mume wangu, naogopa.' Nilidhani atanihurumia, anitoe. Akaniambia, 'Vizuri. Mimi siku ile sikuogopa.'"

Alilia humo humo chini, anasema, akafuta machozi kwa mkono wenye grisi, akafungua nati iliyompeleka.

Shida kubwa zaidi ilikuwa juu ya ardhi. Wateja waliingia, wakamwona, wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Akiwajibu kuwa ndiye, wengine waliwasha magari yao na kwenda zao. Na mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi mtaa wa pili, alipopata habari alifika bila kubisha hodi.

"Mwanangu kavunjikia humo chini, na wewe unataka kumfuata?" alifoka. "Watoto hawa nitawalea na nani?"

Kwa wiki nyingi mama huyo hakuitikia salamu ya mkaza mwanawe. Halafu, pasipo kutangaza suluhu yoyote, akaanza kuja. Kwanza kwa ajili ya wajukuu. Kisha akawa anasimama ua wa nyuma na kuchungulia. Leo ana kazi yake maalumu gerejini, na hakuna mwenye ubavu wa kumnyang'anya.

Pikapu ya Vioo inapokuwa imeinuliwa, magurudumu ya nyuma yamewekewa kabari, stendi zimekaa chini ya chesisi na tairi la akiba limelazwa kama kinga ya mwisho, bibi huyo anatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Anapiga teke stendi ya kulia. Anapiga teke ya kushoto. Anasukuma gari kwa bega, bega la bibi wa wajukuu.

"Ingia, mwanangu," anasema, na kurudi jikoni.

"Jeki kazi yake kuinua," anaeleza Fundi. "Kushika ni kazi ya stendi. Mama yangu hajui gari hata chembe, lakini hilo analijua."

*

Mama Springi amelala chini ya pikapu, viatu tu ndivyo vinavyoonekana. Vioo anazunguka zunguka kama mtu anayesubiri wodini.

"Kaza bolti ya kulia kwanza," anaelekeza Fundi kutoka kitini. "Tuone inapanda mpaka wapi."

"Haina pa kukazia. Imefika mwisho. Jamaa wa gereji zile wamemaliza nyuzi zote."

"Basi tosheni imekufa. Mwambie anunue mpya."

Vioo anashika kichwa. Lakini Mama Springi anaendelea na kazi. Inasikika brashi ya waya ikikwangua chuma. Kisha inasikika tena, upande mwingine wa gari.

"Baba watoto."

"Naam."

"Hizi zimewekwa kinyume. Ya kulia iko kushoto, ya kushoto iko kulia."

Fundi anatikisa kichwa. "Haiwezekani. Gari lingelala siku ileile."

"Zina alama kwenye ncha, herufi ya kila upande. Nimezisafisha nikaziona."

"Itakuwa uchafu huo. Kutu ina michoro mingi."

"Najua kutu na najua herufi."

Maneno hayo yanatoka makavu, na Vioo anaangalia pembeni kama mgeni aliyekuta wenyeji wanagombana. Fundi anazungusha magurudumu ya kiti chake mpaka ubavuni mwa gari. Anainama kadiri kiuno kinavyomruhusu, anashika ukingo wa mlango, anainama zaidi. Haoni kitu. Mshipa umemsimama shingoni. Mara mkono wenye grisi unatokeza chini ya gari umeshika simu, na kwenye kioo cha simu kuna picha.

Anaitazama muda mrefu. Anaikuza kwa vidole. Anaomba picha ya upande wa pili, anapewa.

Kila tosheni, anaeleza baadaye, huzoeshwa kiwandani kunyongwa upande wake. Ukiihamishia upande mwingine itabeba, lakini itabeba kwa kujilazimisha, na itaendelea kulegea kila siku. Kuna mtu aliwahi kuzitoa zote mbili, pengine wakati wa kubadilisha bushi, yaani mipira ya maungio, na kuzirudisha bila kuangalia. Waliofuata wakawa wanakaza tu.

Lakini kwa sasa hasemi hayo yote. Anarudisha simu chini ya gari, anakohoa.

"Sasa unaonaje?" anauliza. "Tufanyeje?"

Mama Springi anatoka chini ya gari taratibu, anakaa juu ya boksi, kilemba kimeenda upande. Katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja, anasema, mumewe alikuwa hajamuuliza swali hilo. Alikuwa anaambiwa afanye nini.

"Tuzitoe zote mbili, tuzikague," anamjibu. "Kama hazina ufa, kila moja irudi kwao. Tuanze kukaza upya, kidogo kidogo, sawa kwa sawa. Zikikataa, ndiyo anunue."

"Haya," anasema Fundi. "Wewe ndiye uliyeziona."

*

Kazi inakula asubuhi yote. Bolti zimeng'ang'ania kwa kutu; zinanyweshwa mafuta, zinapumzishwa, zinajaribiwa tena. Tosheni ya kulia inakataa katakata kuchomoka, na hapo Vioo anavishwa glovu na kuamriwa avute.

"Mimi nimezoea vitu vinavyovunjika, shemeji," analalamika, jasho likimtiririka.

"Hiki hakivunjiki. Vuta!"

Tosheni inachomoka ghafla na Vioo anakaa chini bila kupenda, chuma mapajani. Mama mkwe anacheka jikoni mpaka anasikika uani.

Zinalazwa mezani mbele ya Fundi. Hii ndiyo sehemu ambayo hamwachii mtu. Anazifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, anapitisha kucha polepole kutoka ncha hadi ncha akitafuta ufa, amefumba macho. Hakuna ufa. Anazipaka grisi kwenye meno ya ncha na kuzikabidhi, moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto.

Jua likiwa limeshaanza kuelekea upande wa pili, pikapu inateremshwa chini. Mama Springi anaisogeza mbele na nyuma ili magurudumu yakae, anaruka ruka juu ya bampa, anapima. Bado kulia kuko chini kidogo. Inainuliwa tena, stendi tena, mateke ya bibi tena, mzunguko mmoja wa spana. Inashushwa. Anapima.

Sasa pande zote mbili ziko sawa, na pua imeinuka.

Vioo anarudi nyuma kuitazama. Uso umemkunjuka. Kisha binadamu haishi kutamani. "Shemeji, si tuipandishe zaidi? Isimame kabisa. Watu waione ikija."

"Ukiipandisha zaidi itakuwa ngumu kama kitanda cha mbao, na vioo vyako vitakuwa sukari tena," anamjibu. "Kimo chake ni hiki. Mkanda wa suruali ukikazwa sana, kaka, hata kukaa huwezi."

Imebaki kuijaribu. Kwa kawaida Mama Springi huendesha peke yake na mumewe husikiliza kutoka langoni. Leo Fundi anasogeza kiti mpaka mlango wa abiria.

"Nipandisheni," anasema.

Tangu siku ile ya mvua hajapanda pikapu ya aina hii. Hospitali huenda kwa gari dogo. Mama mkwe ametoka jikoni, mkono mdomoni.

"Una hakika?" mkewe anamuuliza kwa sauti ya chini.

"Kazi nimeifanya. Niionje."

Vioo anamshika kwapani, Mama Springi anashika miguu, wanamwingiza. Anafungwa mkanda. Mama Springi anaendesha mpaka barabara ya vumbi yenye mashimo nyuma ya shule, na safari hii hayakwepi. Shimo la kwanza, pua inashuka na kuinuka mara moja, inatulia. Shimo la pili vilevile. Fundi ameweka kiganja juu ya dashibodi. Kwenye mteremko mkewe anakanyaga breki kwa nguvu. Gari linasimama mahali pake, usukani umenyooka.

Fundi anapumua.

"Imekaa," anasema.

Halafu anageukia dirishani, na mkewe, ambaye ameona mabega yanavyotikisika, anatazama mbele na kuendesha polepole kuliko inavyohitajika. Wanarudi kwa njia ndefu.

*

Vioo ameondoka akipiga honi hadi kwenye kona. Kesho atalipeleka gari kupimwa mwelekeo wa magurudumu kwa fundi mwenye mashine, kwa sababu gari likibadilishwa kimo, magurudumu nayo huhitaji kunyooshwa. Mama Springi amemsisitizia jambo hilo mara tatu.

Siku hizi wateja wanaouliza "Fundi yuko wapi?" wamepungua. Wengine huja kutoka mbali, wametumwa na waliotengenezewa. Kipato si cha kujisifia, anasema, kuna wiki gereji inalala na cherehani inarudi mezani, lakini watoto wako shule na dawa hazikatiki.

Akiulizwa juu ya kesho, anamtazama mumewe, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze.

Anaanza Fundi. Anataka shimo la gereji, lile refu ambalo gari husimama juu yake na fundi hufanya kazi akiwa amesimama chini. Ila la kwao liwe tofauti. Badala ya ngazi liwe na mteremko wa zege, mpana wa kutosha kiti cha magurudumu, ili ashuke mwenyewe, ainue macho na kuliona gari kutoka chini.

"Hizi picha za simu zinasaidia," anasema. "Lakini nataka nione kwa macho yangu. Niguse."

Fundi mwashi ameshakuja kupima mahali. Matofali wameanza kukusanya kidogo kidogo, yamepangwa nyuma ya jiko, na mama mkwe ameshawapiga marufuku wajukuu kuyachezea.

Siku ya kwanza akishuka humo, atafanya nini?

"Nitakagua kazi yake," anajibu Fundi bila kusita.

"Na ukikuta kosa?" anauliza mkewe, akivua ovaroli.

"Nitanyamaza."

"Mwongo mkubwa huyu!" anacheka Mama Springi, na kumsogezea kiti kivulini.